Jibu Lililobaki Bila Swali

Zamani, lakini si zamani sana, kwa maana simu zilikuwapo na chaji ilikuwa inaisha kama inavyoisha leo, palikuwa na nchi moja. Msomaji ataniwia radhi kwa kutoitaja. Si kwamba naogopa, la hasha, ila wakati naandika jina la nchi lilikuwa limepelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho, na mpaka sasa halijarudi. Ilikuwa nchi nzuri. Wananchi wake walikuwa na furaha, na waliosahau kuwa na furaha walikumbushwa kwa barua.

Nchi hiyo iliongozwa na Mkuu. Hapo mwanzo alikuwa na vyeo kumi na saba, na mtangazaji wa redio alipomaliza kuvitaja vyote taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. Ndipo yeye mwenyewe, kwa unyenyekevu wake unaojulikana, akaviacha vyote na kubaki na neno moja tu. Kwa kuwa neno lenyewe lilikuwa moja, ikabidi lilindwe. Ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Neno: ndani ya mipaka ya nchi hakuna mtu wala kitu kingine kitakachoitwa kikuu. Mwalimu mkuu akawa Mwalimu Mwenye Funguo. Katibu mkuu akawa Katibu Mkubwa Kiasi. Barabara kuu zikawa barabara nene. Mpishi mkuu wa hoteli ya serikali aliambiwa sasa ataitwa Mpishi wa Mbele, akauliza mbele ya nini, na kwa swali hilo akastaafishwa.

Mahali pamoja tu neno hilo liliishinda serikali, napo ni Kibarazani.

Kibaraza kilikuwa ukumbi wa taifa wa mtandaoni, ambako watu waliandika walichonacho moyoni kwa majina ya kujipachika. Sasa, tangu Kibaraza kifunguliwe, wanachama wake walikuwa wamezoea kuitana mkuu. Kinyozi alikuwa mkuu, muuza chipsi alikuwa mkuu, mtu aliyeuliza dawa ya chunusi alijibiwa, "Mkuu, paka mshubiri." Ugomvi nao ulianza hivyohivyo: "Mkuu, mbona unaongea pumba?" Tabia ilikuwa imewakaa vidoleni. Serikali ilipohesabu wahalifu ikakuta ni nchi nzima isipokuwa watoto wachanga, na magereza hayakutosha. Ikatolewa Kanuni ya Mkuu Mdogo: mwanachama anaweza kumwita mwenzake mkuu, mradi bandiko analolijibu lionekane hapo juu yake, ili msomaji ajue anayesemwa ni mkuu yupi mdogo. Pasipokuwa na bandiko juu, basi mkuu ni Mkuu.

Kanuni hiyo ilifanya kazi vizuri kwa sababu Kibarazani hakuna bandiko lililoweza kufutwa. Hilo lilikuwa kazi ya Waziri wa Kumbukumbu, Mheshimiwa Dokta Pazi Mkondola, mtu aliyekuwa na kifua kipana na sauti ya kujaza kifua hicho.

"Mheshimiwa Spika!" alisema Bungeni siku ya kupitisha Sheria ya Kauli ya Kudumu. "Taifa linalofuta ni taifa linalofutika! Ulichokisema umekisema, ulichokiandika umekiandika, na ulichokipiga chafya umekipiga chafya! Kitufe cha kufuta kitang'olewa kwenye simu zote. Zote, Mheshimiwa Spika!"

Mbunge mmoja mnyonge aliuliza itakuwaje kwa mtu aliyekosea tahajia tu. Akajibiwa ajifunze tahajia. Mwingine, aliyekuwa amemwita mwenzake bata kwa hasira, aliagizwa na Spika afute kauli. Akasimama, akainama kwa heshima, akasema angependa sana lakini sheria mpya haimruhusu. Mpaka leo mwenzake ni bata kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge.

*

Mzee Mshamu Kitogo hakuwa na habari na siasa. Alikuwa bwana mifugo mstaafu, na katika miaka thelathini na minne ya kazi alikuwa amechungulia mabanda ya kuku mengi kuliko nyumba za watu. Kibarazani alijiita Jogoo Mstaafu, na kila siku baada ya chakula cha mchana alifungua Jukwaa la Kuku na Bata, akavaa miwani, akajibu maswali. Alijibu kwa kifupi, alijibu kweli, na hakumbembeleza mtu.

Nyumbani alibaki na binti yake mmoja, Tunu, maana mama yake Tunu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mzee alimpenda Tunu kupita kiasi, na kwa kuwa hakujua kuyasema mambo hayo alimchemshia yai kila asubuhi. Sasa Tunu alikuwa anaolewa na Bakili, fundi wa mafriji, kijana mtulivu. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa na mchele ulikuwa umeshachaguliwa mawe. Kilichobaki ni karatasi moja: Cheti cha Ulimi Safi cha baba wa bibi harusi, kwani kwa sheria ya nchi ile binti hawezi kutolewa katika nyumba yenye doa la kauli.

Mshamu hakuwa na wasiwasi. Kauli zake zote zilihusu mharo wa vifaranga.

Jumatano hiyo, saa nane mchana, alikuta swali jipya la mwanachama mgeni aliyejiita Mwenye Banda. Liliandikwa hivi:

"Wakuu, habari zenu. Nina kuku arobaini wa mayai. Banda lao ni la kisasa, lina zulia. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi nasimama mbele yao na kuwaeleza umuhimu wa kutaga kwa maendeleo yetu, dakika arobaini na tano, bila kusoma karatasi. Wananitazama tu. Mwezi wa tatu huu sijaona hata yai moja. Je, inawezekana kuna mtu wa nje anawachochea?"

Mshamu alilisoma mara mbili. Alikuwa ameona mengi katika kazi yake, wakiwemo watu wanaowapa kuku bia, lakini hili lilikuwa jipya. Akaandika:

"Mkuu, nyamaza kidogo. Tatizo si wao, tatizo ni wewe. Wape dagaa, wape kivuli, punguza maneno. Watatoa wenyewe."

Akavua miwani, akaenda kulala usingizi wa mchana kama mtu aliyefanya kazi yake.

*

Alhamisi asubuhi kulitokea jambo geni. Kila siku saa moja, kwa miaka kumi na miwili, redio ya taifa ilirusha hotuba ya Mkuu ya dakika arobaini na tano. Watu walikuwa wamezoea kuinywea chai. Siku hiyo saa moja ilifika, redio ikakohoa, kisha ukasikika muziki wa zumari tupu mpaka saa mbili kasorobo. Wananchi walibaki na vikombe mkononi. Wengine walidhani redio zao zimekufa, wakazipiga makofi.

Mshamu hakujali sana. Alivaa kanzu yake ya heshima akaenda ofisi ya Kauli, dirisha la tatu, kwa Bi Sikudhani, karani aliyeujua mji mzima na doa la kila mtu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua karatasi ya Tunu."

"Hongera jamani! Kaa hapo, dakika mbili tu." Bi Sikudhani akagongagonga mashine yake huku akitabasamu. Tabasamu likaanza kupungua. Akasimama, akamwingiza mzee ndani, akafunga dirisha, akavuta pazia, akarudi kukaa. "Mzee wangu," akanong'ona, "umeandika nini wewe?"

"Wapi?"

Akamgeuzia kioo. Pale juu kabisa ya ukurasa, peke yake, bila kitu juu yake, lilikuwa limesimama jibu la Jogoo Mstaafu: *Mkuu, nyamaza kidogo. Tatizo si wao, tatizo ni wewe.*

Mshamu aliinamisha kichwa akatazama juu ya maneno yale, kisha chini yake, kisha akachungulia nyuma ya mashine.

"Swali liko wapi? Hapo juu palikuwa na swali. La kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku arobaini! Mtu anawahutubia kuku!"

Bi Sikudhani alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mzee wa watu aliyeanza kupoteza kumbukumbu. "Mzee wangu, hilo swali haliwezi kuwa lilikuwepo halafu lisiwepo. Katika nchi hii hakuna kinachofutwa. Kama halipo, halikuwepo. Na kama halikuwepo, wewe asubuhi njema umeamka tu ukamwambia Mkuu anyamaze."

"Ilikuwa mchana," alisema Mshamu kwa sauti ndogo.

"Na umesema 'tatizo si wao'. Wao ni nani? Ni sisi. Halafu 'watatoa wenyewe'. Tutatoa nini, mzee wangu? Mimi sitaki hata kufikiri."

Mshamu aliyasoma tena maneno yale. Aliuliza kama jibu lile haliwezi kuondolewa, maana bila swali lake halikuwa jibu tena, lilikuwa tusi. Bi Sikudhani akafungua kabati, akapangusa vumbi, akatoa fomu ambayo haijawahi kujazwa na mtu tangu ichapwe. Ilikuwa Ombi la Kufuta, kifungu cha kumi na tisa.

Masharti yake hayakuwa magumu. Mwombaji angeandika kwa mkono kauli anayotaka ifutwe, nakala saba, kwa herufi kubwa. Nakala moja ingebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kila kata. Kauli ingesomwa redioni mara tatu kwa siku kwa siku saba, polepole, ili raia yeyote mwenye pingamizi ajue kwa hakika ni kauli gani ambayo hatakiwi kuisikia tena. Baada ya hapo kamati ingeketi.

"Itaketi lini?"

Bi Sikudhani alihesabu kwa vidole. "Ijumaa ijayo."

"Na harusi Jumamosi."

"Basi umewahi," alisema, akampa kalamu.

*

Kabla ya fomu ile kujazwa, jibu la Mshamu lilikuwa limesomwa na watu sabini na wawili, wengi wao wakiwa na kuku wagonjwa. Kwa kuwa sasa lilikuwa katika harakati za kufutwa, kufikia Jumatatu lilijulikana na nchi nzima. Redio ya taifa ililisoma asubuhi, mchana na jioni, kwa sauti ileile nzito ya matangazo ya misiba: "Mkuu. Nyamaza kidogo. Tatizo si wao. Tatizo ni wewe." Kwa kuwa hotuba za asubuhi hazikuwapo, watangazaji walikuwa na nafasi ya kutosha, wakawa wanalirudia.

Sokoni, mtu aliyepunjwa kipimo cha unga hakugombana tena; alimwambia muuzaji "tatizo ni wewe", na muuzaji akaongeza kopo. Jumanne kanga zikaingia madukani, nyekundu kwa njano, zimeandikwa chini: TATIZO SI WAO. Wanawake walizinunua doti kwa doti, wakajifunga, wakapita mbele ya waume zao bila kusema neno. Polisi walitaka kuzikamata, lakini kila kata ilikuwa na ubao wa serikali ulioandikwa maneno hayohayo, kwa mhuri, na ikaonekana itabidi waanze kwa kuukamata ubao.

Mambo mengine pia yalikuwa yanatokea, na mimi nayataja tu bila kuyahusisha na lolote. Siku ya tatu ya zumari, mabomba ya mtaa wa Mshamu, yaliyokauka tangu uchaguzi, yalikoroma yakatoa maji. Siku ya nne umeme haukukatika. Siku ya sita basi la saa mbili liliondoka saa mbili, likawaacha abiria wote, kwa sababu hakuna aliyetegemea jambo kama hilo. Watumishi walisema ni ajabu, lakini asubuhi mtu ukiwa na dakika arobaini na tano ambazo hukai mkao wa kusikiliza, unajikuta umefanya kazi.

Mshamu hakuyaona hayo. Aliona kadi za harusi zikirudishwa moja moja. Jumatano akaja mjomba wake Bakili, akakaa kwenye ncha ya kiti, akakataa chai.

"Shemeji, sisi hatuna neno na wewe," alisema. "Kijana anampenda binti na sisi tunampenda. Lakini nyumba yenye doa... Mkondo wa sheria uko wazi. Ikifika Ijumaa jioni hakuna cheti, itabidi tuahirishe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka hapo," alisema mjomba, akaondoka.

Tunu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Macho yalikuwa mekundu.

"Baba," alisema, "si ungenyamaza tu? Mtu humjui, hakujui, kuku si wako. Kwa nini ulimjibu?"

Maneno hayo yalimwingia Mshamu kama mwiba, maana Tunu hajawahi kumsemesha hivyo tangu azaliwe. Alifikiri sana, akatafuta sababu kubwa, hakuipata.

"Aliuliza, mwanangu," alisema. "Mtu akiuliza, unamjibu."

Tunu alienda kukaa karibu yake. Uani kuku walikuwa wanataga.

*

Ijumaa kamati iliketi katika Ukumbi wa Kauli, chini ya picha kubwa ya Mkuu. Ukumbi ulifurika, na redio ilirusha kikao moja kwa moja. Mwenyekiti alikuwa Dokta Pazi Mkondola mwenyewe. Pembeni yake, juu ya mto wa mahameli, kililetwa kitufe cha kufuta kilichohifadhiwa makumbusho, nacho kiliunganishwa na Kibaraza kwa waya mrefu. Kilikuwa kidogo sana kwa kitu kinachoogopwa hivyo.

Walianza na mapingamizi. Yalikuwa matatu. Mwalimu wa lugha alipinga kwa sababu sentensi ilikuwa fupi na imekamilika, na wanafunzi wake hawajawahi kuona mfano mwingine wa namna hiyo katika maandishi ya umma. Chama cha wauza kanga kilipinga kwa sababu zake chenyewe. Mume mmoja kutoka kata ya tano hakupinga, ila aliomba kazi ya kufuta ifanyike haraka, akakaa.

Kisha Dokta Pazi akasimama. "Mzee Kitogo! Unadai kauli yako ilikuwa jibu. Jibu ni mtoto wa swali! Mtoto bila mama ametoka wapi? Ameota? Ameletwa na upepo? Tunaomba mtaalamu aieleze kamati, na alieleze taifa: je, bandiko linaweza kutoweka Kibarazani?"

Mtaalamu alikuwa Injinia Yeremia Sanga, mtu mwembamba aliyetunza mitambo ya Kibaraza katika chumba kisicho na dirisha. Hakuwa na mazoea ya watu.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alisema.

"Mmesikia! Haiwezekani!"

"Kitufe tulikiondoa kwenye simu zote," aliendelea injinia, ambaye hakujua kwamba ameshamaliza. "Isipokuwa ile moja."

Waliokuwa nyuma wakasogea mbele.

"Ile moja ipi?" aliuliza Dokta Pazi, na papo hapo uso wake ukaonyesha kwamba angetoa chochote asiwe ameuliza.

Injinia aliinua kidole akaelekeza kwenye picha ukutani. Watu mia tatu walitazama picha, kisha watu mia tatu wakatazama viatu vyao.

"Futa kauli!" alifoka Dokta Pazi. "Futa kauli hiyo mara moja!"

"Ningependa, Mheshimiwa," alisema injinia, "lakini sheria yako hainiruhusu."

Hapo ndipo Mshamu, ambaye kwa kuku alikuwa mwepesi na kwa wanadamu alikuwa mzito, alipoanza kuunganisha. Zulia. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya saa moja. Dakika arobaini na tano, bila kusoma karatasi. Mtu wa nje anawachochea. Maneno hayo ameyasikia redioni kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili huku akimenya yai la Tunu. Alijua angepaswa kuogopa, na kweli aliogopa, lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine alichokionea haya: alimwonea huruma. Mtu mzima, nchi nzima inampigia saluti, ana kuku arobaini na hana hata mtu mmoja wa kumuuliza isipokuwa kwa jina la kujipachika. Ameuliza, amejibiwa, ameona aibu, amefuta swali lake. Akasahau kwamba jibu si lake, na litabaki.

Dokta Pazi naye alikuwa amejikusanya. Sauti ilirudi, lakini ilikuwa imelegea kidogo.

"Kamati imeridhika," alisema haraka haraka, "kwamba hakuna swali, hakuna kuku, na hakuna simu. Kwa hiyo, kwa huruma ya serikali, Mzee Kitogo atalifuta jibu lake yeye mwenyewe, hapa hapa, kwa kidole chake. Likishatoweka, litakuwa halijawahi kuwepo, na sisi sote tutakuwa hatujawahi kukutana. Atapewa cheti chake, aende akamwoze binti. Mzee, bonyeza!"

Mto wa mahameli ukasogezwa. Mshamu alimtazama Tunu, aliyekaa mstari wa mbele amepakwa hina mikononi, maana hina haingojei kamati. Kwa Tunu angefuta hata jina lake mwenyewe. Moyoni, bwana mifugo ndani yake alinung'unika kwamba ushauri ni mzuri na kuna mwenye kuku anauhitaji, Mshamu akamwambia anyamaze. Akainua kidole gumba.

Ukumbi mzima ukalia *ting*.

Simu mia tatu zililia kwa pamoja, kwa sababu hakuna mtu katika nchi ile ambaye wiki hiyo hakuwa amejiunga na Jukwaa la Kuku na Bata. Simu ya Dokta Pazi ililia. Simu ya Tunu ililia. Tunu alisoma, akaruka kutoka kitini.

"Baba, ngoja!"

Chini ya jibu la Jogoo Mstaafu lilikuwa limetokea bandiko jipya, la Mwenye Banda.

"Mkuu, usifute. Nimenyamaza siku tisa. Leo mayai thelathini na moja."

Dokta Pazi alilisoma mara tatu. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilisema mkuu katika nchi ni mmoja. Na mwenye neno lake mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, amemwita mtu mwingine hivyo mbele ya taifa. Kanuni ya Mkuu Mdogo iliwahusu wanachama wao kwa wao; ya Mkuu kumwita mtu mkuu hakukuwa na kanuni. Kilichokuwapo ni kanuni moja tu ya zamani, ya nini kifanyike Mkuu akiwa ukumbini. Taratibu, akivuta koti lake, Dokta Pazi akasimama wima. Kamati ikasimama. Ukumbi wote ukasimama, mikono pembeni, wakimwelekea bwana mifugo mstaafu.

Mshamu aligeuka nyuma kuona nani ameingia.

Hakukuwa na mtu. Akageuka tena mbele, akawaona wamesimama bado, hawathubutu kukaa mpaka aseme neno. Ilikuwa nafasi ambayo watu wengine huingojea maisha yao yote.

"Naomba cheti cha binti yangu," alisema Mshamu. "Halafu mkae, mtachoka."

Bi Sikudhani alikuwa na mhuri kwenye mkoba. Aliugonga hapohapo juu ya mto wa mahameli, na cheti kikatoka kimepinda kidogo.

*

Harusi ilifana. Kadi zilizorudishwa zilirudi tena na wenyewe, na wengine ambao hawakuwa na kadi. Mjomba wake Bakili alikunywa chai vikombe vinne kufidia. Ukumbini, kwa mujibu wa sheria, redio ilikuwa mezani imewashwa, ikipiga zumari.

Saa saba mchana, wali ulipokuwa unapakuliwa, zumari likakatika. Redio ikakohoa.

"Ndugu wananchi," ilisema sauti ambayo nchi haikuisikia siku tisa. "Leo nitazungumza nanyi, kwa kirefu, juu ya faida za kunyamaza."

Bomba la uani, ambalo wageni walikuwa wananawia mikono, likakoroma, likakauka. Watu walitoa simu zao, wakafungua Kibaraza, wakatazama jibu lile lililokuwa bado limesimama mahali pake, wakazirudisha mifukoni. Mshereheshaji, akipaza sauti juu ya redio, alimkaribisha baba wa bibi harusi kutoa nasaha; kwenye ratiba alikuwa amepewa dakika arobaini na tano.

Mshamu alisimama. Alimtazama Tunu kwa muda, akataka kumwambia yote ambayo kwa miaka yote alikuwa akiyachemsha pamoja na yai, kisha akawageukia wote wawili.

"Wanangu," alisema, "mkiulizana, mjibizane. Basi. Wali unapoa."

Akakaa, na wakampigia makofi kuliko walivyowahi kumpigia msemaji yeyote katika nchi ile bila kuagizwa.

Wiki ilipita. Jumatatu moja, saa nane mchana, nyumba ikiwa kimya bila Tunu, Mshamu alivaa miwani akafungua jukwaa. Swali jipya lilikuwa limewekwa dakika hiyohiyo. Mwenye Banda:

"Wakuu, habari zenu. Wameacha tena ghafla. Nimewaeleza kwa saa tatu umuhimu wa ukimya, wananitazama tu. Je, kuna mtu anawachochea?"

Mshamu alicheka peke yake mpaka miwani ikaanguka. Akaiokota, akaipangusa kwa pindo la shuka. Mtu ameuliza, na mtu akiuliza unamjibu. Akaandika neno la kwanza, "Mkuu," kisha akasimamisha kidole, akafikiri, akarudi juu.

Safari hii, kabla ya kuendelea, kwanza alilipiga picha lile swali.